Mwonja Nguru Aliyefungwa Waya Menoni

Katika eneo lote la Uriri, palikuwa na mdomo mmoja tu uliokuwa na kazi ya kudumu, nao ulikuwa mdomo wa Phanice Akeyo. Watu wengine walitumia midomo yao kula, kusengenya na kuimba kanisani, kazi ambazo hazina mshahara. Phanice alionja nguru, ile sukari ya kahawia ya miwa.

Kiwanda chenyewe kilikuwa cha Omwenga, Mkisii aliyehamia Migori zamani akaoa na kuzeekea huko. Usifikirie kiwanda chenye geti na askari. Kilikuwa mabati juu ya nguzo, mashine ya kukamulia miwa iliyonguruma kama fahali mwenye kidonda, na makarai matatu makubwa juu ya moto wa makapi. Maji ya miwa yanachemka, yanatolewa povu, yanatiwa chokaa kidogo ili ukali wake utulie, yanaendelea kuchemka mpaka yanakuwa uji mzito wa rangi ya kichuguu. Kisha inakuja dakika moja. Ukipakua kabla ya dakika hiyo, nguru haigandi. Inabaki inalegea kama ugali wa mgonjwa. Ukichelewa, inaungua.

Dakika hiyo marehemu baba yake Phanice aliijua kwa meno. Alidondosha tone la uji kwenye bakuli la maji baridi, akalitoa, akaling'ata kwa meno ya mbele. Tone likivutika, bado. Likivunjika na kulia "ka" ndani ya kichwa, tayari. Aliyafundisha meno ya binti yake tangu yalipoota, na alipokufa, Phanice akavaa aproni yake na kusimama mahali pake. Siku hizi wenye viwanda vikubwa wananunua kijiti cha kioo, wanakichovya, kinawaambia nambari, na mtu mzima mwenye ulimi na masikio anaitii nambari. Huko Uriri walikuwa bado wanamtii Phanice.

Basi Phanice, mwenye meno yaliyolisha watu kumi na wawili wa kiwandani, akaenda kuyafunga waya.

Meno yake mawili ya mbele, ya juu, yalikuwa yamepandana tangu utotoni, kama watu wawili wanaogombea mlango mmoja. Zamani aliyezaliwa na meno yaliyopandana alizikwa nayo, na kwenye mazishi hakuna aliyeyataja. Lakini Phanice alipofika miaka arobaini na mmoja, mwanawe Levis amemaliza chuo na mumewe yuko Karungu anavua omena na kurudi nyumbani mwisho wa mwezi, aliamua kwamba sasa ni zamu ya meno yake. Alimuuza ndama akaenda Homa Bay kwa daktari wa kupanga meno. Alirudi na vibati vidogo vimegandishwa kwenye kila jino na waya umepita juu yake, kama ua wa shamba la mzungu.

Aliyekasirika zaidi alikuwa baba mkwe wake, Mzee Odhiambo. Mzee huyu alikuwa miongoni mwa vijana wa mwisho kung'olewa meno sita ya chini kwa desturi ya zamani, wakati kung'olewa meno bila kulia kulikuwa ndiyo cheti cha utu uzima. Pengo lake alilivaa kama nishani.

"Sisi tulipunguzwa meno tukaitwa wanaume," alisema, akimwambia mbuzi aliyekuwa karibu, kwa sababu hakutaka kumsema mke wa mwanawe uso kwa uso. "Hawa wanaongezewa chuma wanaitwa wa kisasa. Siku hizi mdomo si mdomo, ni ghala la misumari."

Mbuzi aliendelea kutafuna, na Phanice akaendelea na kazi yake.

Mwezi wa tano Phanice alirudi Homa Bay kukaza waya. Daktari wake alikuwa mwanamke kijana anayeitwa Nasteha, mpole wa mikono lakini mkali wa macho. Alimtazama mdomoni, akampa kioo kidogo. Kuzunguka vibati vya meno ya mbele palikuwa na madoa meupe pe kama chaki, kila kibati na doa lake.

Phanice alifurahi. Alidhani meno yanaanza kung'aa.

"Mama Levis, huo si weupe wa usafi," Daktari alisema. "Ni weupe wa ukuta unaotaka kubanduka. Unakula nini kitamu?"

Phanice alijibu kwa moyo safi kwamba hali kitu. Soda hanywi, keki anaiona kwenye harusi tu, chai yake haina sukari. Hakuwa anadanganya. Nguru haikumjia akilini hata kidogo, kama vile fundi wa viatu asivyojihesabu kuwa anavaa viatu vya wateja. Daktari alichukua kisindano chake, akachokoa nyuma ya waya, akatoa kipande cha kahawia.

"Na hii ni nini?"

"Hiyo ni kazi, Daktari."

Ikabidi aeleze. Karai moja linataka matone kama kumi na tano, na kwa siku wanapika makarai sita. Daktari aliweka kisindano mezani polepole, kama mtu aliyeambiwa kwamba mgonjwa wake hulala ndani ya kisima.

Alimweleza kwa utaratibu. Kwenye kila kibati utando hujishikiza, na ndani ya utando wamo vijidudu. Vijidudu vikipata sukari hutoa tindikali, na tindikali hiyo huchomoa madini kutoka kwenye ganda gumu la jino. Mate hujitahidi kuyarudisha, lakini yanahitaji muda. Mtu anayekula kipande kikubwa cha nguru mara moja kwa siku huumiza meno yake kidogo kuliko anayeonja tone dogo mara tisini, kwa sababu huyu wa pili hayapi mate nafasi hata ya kuvuta pumzi.

Hapo Phanice akaelewa, si kwa sababu ya vijidudu, ambavyo hakuwahi kuviona, bali kwa sababu ya maji ya miwa. Alijua kwamba ukiyaacha makali yanatafuna chuma cha karai, ndiyo maana hutiwa chokaa. Kumbe mdomoni mwake maji makali yalikuwa yanatafuna karai mchana kutwa, na chokaa ya Mungu, ambayo ni mate, haikufua dafu.

Daktari alimpaka meno dawa ya floridi, akampa kiburashi chembamba cha kupitisha chini ya waya, akamwamuru kusugua asubuhi na jioni, kusukutua kwa maji kila baada ya kula, na kuacha kuonja kabisa. Kisha akasema lile lililomtoa Phanice jasho. Arudi baada ya wiki sita. Madoa yakiwa yamekua, waya zitatolewa, kwa sababu hakuna faida ya kupanga vizuri meno yanayooza. Na meno yenyewe yalikuwa ndiyo kwanza yameachana nusu. Bila waya yangerudi kugombea mlango wao, safari hii yakiwa na mabaka.

Phanice alirudi Uriri akiwa amefunga mdomo kama mfuko wa mahari.

Kiwandani palizuka mjadala wa nani ataonja. Omwenga alikuwa na meno ya bandia, na tone la moto lilishawahi kumwachia alama kwenye kidole cha mguu pale alipolitema. Bravin, kijana wa kusukuma makapi motoni, alionja mara moja akasema imeiva. Alikuwa ameonja maji ya miwa yaliyotoka tu kukamuliwa. Walipokuwa bado wanatazamana, Mzee Odhiambo akatokea na kigoda chake na kikombe chake cha bati, akakaa mbele ya karai la katikati. Alisema mwonjaji wa kweli ni mtu aliyekula nguru ya enzi zile, miwa ilipokuwa inaachwa kukomaa, si hii ya leo inayokatwa ikiwa bado inanyonya.

Kila mtu pale aliona shida: meno ya mbele ya chini, ambayo tone hukalia likipasuliwa na ya juu, Mzee aliyaacha mikononi mwa mng'oaji miaka sitini iliyopita. Lakini nani angesema? Miongoni mwa Wajaluo, mke wa mtoto hambishii baba mkwe mbele za watu. Hakai alipokaa yeye, hamtaji jina, wala haoneshi kwamba anajua jambo ambalo mzee halijui. Wakisii nao wana heshima kama hiyo, tena nzito kuliko hii, kwa hiyo Omwenga naye aliinamisha kichwa. Siku hizi watoto wanawasahihisha babu zao wakiwa wametazama simu. Uriri, kiwandani mwa Omwenga, heshima ilikuwa ingali hai, na siku hiyo iliwagharimu karai zima.

Mzee alipokea tone la kwanza, akaliweka ulimini, akafumba macho, akalifyonza taratibu mpaka likaisha.

"Pok," akasema. Bado.

Lilikuwa bado kweli. La pili, pok. La kumi, pok. La kumi na tano Phanice aliona mapovu yamekuwa madogo na mazito, yakipasuka kwa sauti ya mtu anayepiga busu. Dakika imefika. Mzee alifyonza, akafumba macho kwa muda mrefu kuliko mwanzo.

"Pok."

Phanice alikohoa. Hakuna kilichotokea. Akamgeukia Bravin.

"Bravin, ni kama moshi umebadilika."

"Moshi ni wa makapi," Mzee alisema, akimwambia Bravin pia.

"Bravin, baba yangu marehemu alikuwa anasema mapovu yakiwa hivi, mtu anaandaa kalibu za kumiminia."

"Bravin," Mzee alisema, "baba yake alikuwa mtu mzuri, lakini alikuwa na haraka. Lete tone lingine."

Bravin, ambaye kwa maisha yake yote hakuwahi kuzungumzishwa sana hivyo na watu wazima, alileta tone lingine. Phanice akahamia kwa kuku aliyekuwa akidonoa karibu na tanuri, akamwambia kwamba hata yeye kuku anajua chakula kikiungua. Omwenga alitembea mpaka barabarani akarudi. Harufu ikawa ya moshi, kisha ya kwato za ng'ombe, na uji ule ukaacha kupasuka mapovu, ukajifunga, ukawa mweusi kama sakafu ya jiko.

Ilibidi walete sururu. Walipoibandua ilitoka nzima, duara moja, nzito kama jiwe la kusagia. Omwenga alimega ncha kwa nyundo, akampa Mzee kwa mikono miwili. Mzee alifyonza, akafungua macho.

"Sasa imeiva," akasema.

Kesho yake Omwenga alimwendea Mzee nyumbani na kilo moja ya nyama, akamwambia kwa unyenyekevu kwamba mtu wa heshima yake hafai kukaa kwenye joto la karai na vijana wasio na adabu. Kazi inayomfaa ni kuonja nguru ikishapoa, kivulini, mara moja kwa siku, na kuibariki. Mzee alifikiri, akaona kwamba hatimaye wameanza kutumia akili. Lakini Omwenga alirudi kwa Phanice na uso tofauti.

"Mama Levis, hii maneno ya waya itatumaliza. Mimi nakupa wiki moja. Kama hujapata njia, nanunua ile kijiti ya kioo."

Phanice aliona mambo mawili yakimjia kwa pamoja. Akionja, atapoteza waya. Asipoonja, atapoteza karai la baba yake, tena kwa kitu kisicho hata na ulimi. Akajaribu kupika kwa macho. Lakini mkono wake ulikuwa na mazoea ya miaka ishirini: ulitoa tone majini na kulipeleka mdomoni wenyewe, bila kumwuliza. Siku ya kwanza aliudaka mara nane, na mara tatu ulimshinda. Kila uliposhinda alikimbia nyuma ya kiwanda kusukutua, akilia kwa hasira. Siku ya pili alijifunga leso mdomoni kama jambazi. Mkono ukapeleka tone lilelile, likanasa kwenye leso. Kufikia saa sita leso ilikuwa imekauka kama ngozi ya ngoma, na nyuki wawili walikuwa wamehamia usoni pake.

Siku ya nne, akiwa amechoka, alilitupa tone juu ya bati lililofunika pipa la maji. Tone likaruka likalia "ka".

Akasimama. Alichukua tone lingine, akalilaza juu ya bati, akalipiga kwa kichwa cha msumari. Sauti ilikuwa ileile iliyokuwa ikilia ndani ya fuvu lake siku zote. Miaka yote alidhani anaonja kwa meno, kumbe alikuwa anasikiliza, na meno yalikuwa bati tu. Karai la kwanza alilopika kwa bati lilitoka laini kidogo. La pili likawa gumu mno, wakalipeleka shule kama zawadi ya walimu. La tatu lilikaa kwenye kalibu likang'aa, na Omwenga akaacha kuzungumza habari za kijiti.

Mambo yangetulia kama si kule kusukutua.

Phanice alikuwa ameyashika maagizo ya Daktari kama amri kumi. Kila akila kitu, hata kipande cha muhogo, aliinuka na kikombe cha maji, akaenda nyuma ya nyumba, akasukutua na kutema. Asubuhi anatema, mchana anatema. Kwenye mazishi ya shangazi wa mumewe kule Lambwe alipewa mandazi na chai yenye sukari, na kwa kuwa huwezi kukataa chakula cha msiba, alikula, kisha akaondoka mbio mkono mdomoni. Wanawake wa jikoni walimwona ameinama nyuma ya migomba. Wakatazamana.

Mazishi yalipoisha, habari ilikuwa imefika Uriri kabla ya Phanice mwenyewe. Mama Levis ni mjamzito. Katika umri huo, na mume wa Karungu.

Aliyefurahi kuliko wote alikuwa Mzee Odhiambo. Alisamehe hata zile waya. Akasema labda chuma kinaongeza damu. Alianza kumtumia Phanice maini na mboga ya osuga kupitia kwa watoto wa jirani, na kwenye kivuli chake cha kubariki nguru aliwatangazia wanunuzi kwamba ameshachagua jina. Phanice naye angemkanushia kwa mdomo gani? Mambo ya tumbo hayazungumzwi na baba mkwe, ama ya kukubali ama ya kukana. Alimpigia mumewe simu amwambie baba yake. Mumewe alicheka mpaka mtandao ukakatika.

Kwa hiyo wiki ya sita ilipofika, na Phanice akavaa gauni lake zuri kwenda Homa Bay, alimkuta Mzee Odhiambo yuko njiani, amevaa koti na kofia, na fimbo mkononi. Alisema, akiuambia mti, kwamba mwanamke katika hali hiyo hasafiri peke yake. Wakaenda wote, yeye mbele, Phanice nyuma hatua kumi.

Kliniki ilikuwa na picha kubwa ya jino ukutani. Mzee aliitazama sana, akahitimisha kwamba wazungu huchora mfuko wa uzazi kwa namna ya ajabu. Phanice alipoitwa ndani, Mzee aliingia nyuma yake akatafuta kiti kinachotazama dirisha. Moyo wa Phanice ulikuwa kwenye yale madoa. Wiki sita alikuwa ameogopa kuyatazama. Alisugua meno yake akiwa amefumba macho.

Daktari Nasteha aliwasha taa, akamwinamia. Alikausha jino moja, akatazama, akakausha la pili. Akarudi kwenye la kwanza. Mzee hakuweza kuvumilia.

"Daktari, ni wa kike au wa kiume?"

Daktari aliinua kichwa. "Nani, Mzee?"

"Mtoto."

Daktari alimtazama Phanice. Phanice, aliyekuwa amefunguliwa mdomo kwa kibano, alifumba macho kwa aibu na kutikisa kichwa kidogo sana. Daktari akaelewa, na kwa kuwa yeye hakuwa mkwe wa mtu pale, akasema waziwazi:

"Mzee, hakuna mtoto. Mimi ni daktari wa meno. Anasukutua kwa sababu mimi nimemwambia asukutue."

Mzee alilitazama dirisha. Mabega yake yalishuka ndani ya lile koti. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayekusanya alichobakiza, kwamba basi huko mdomoni kuna nini cha kumfanya mtu asafiri kutoka Migori.

Daktari akamwondolea Phanice kibano, akawaambia wote wawili. Madoa hayakukua. Yale madogo yamefifia, karibu hayaonekani. Mawili makubwa yamesimama palepale, magumu sasa na yenye kung'aa, si chaki tena. Hayo mawili huenda asiachane nayo maisha yake yote. Waya zitabaki, miezi kumi na minne mingine, mradi aendelee hivihivi bila tone hata moja.

Phanice alilia hapohapo kitini, akijifuta kwa kile kitambaa cha karatasi alichofungwa kifuani. Aliuliza mara mbili kama ni kweli zinabaki, na Daktari akajibu mara mbili. Alisema miezi kumi na minne si kitu. Mkono wake umeshazoea msumari.

Mzee aliomba kuona. Lakini kutazama ndani ya mdomo wa mke wa mwanao ni jambo lisilowezekana, kwa hiyo Daktari alichukua karatasi, akachora meno yale mawili ya mbele, yaliyokaribia kunyooka, na kwenye kila moja akaweka doa. Mzee aliishika karatasi mbali, kisha karibu. Aliuliza ni lipi lililotokea kwanza. Daktari akasema ni la kushoto, anadhani.

Mzee aliikunja karatasi mara nne, akaiweka kwenye mfuko wa ndani wa koti na kuugonga kwa kiganja kuhakikisha imekaa.

"Watu wa Uriri watauliza," aliliambia dirisha. "Nitawaambia ni mapacha, na huyu wa kushoto ndiye mkubwa."